MASHUA BILA KAPITENI: SISI TUTAKE NINI NDANI YAKE?

Mhariri wa gazeti letu amenipa kurasa nne za stensili na ameniambia nisipite hapo hata kwa mstari mmoja. Basi naanza bila kuzunguka.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa fizika alituonyesha video ku telefone yake. Tulikuwa watu kumi na watano tukisukumana nyuma ya mabega yake. Mu ile video watu wanafika ku ukingo wa mfereji katikati ya mji wa Trondheim, kule Norwei. Wanabonyeza kifungo, sawa vile mtu anaita asansere ndani ya nyumba ya ghorofa. Mashua ndogo inatoka ng'ambo peke yake, inakuja polepole, inajikaza ku gati, mlango unafunguka. Watu wanaingia. Mlango unafungwa, inarudi ilikotoka. Hakuna mtu ku usukani. Hakuna kasia, hakuna moshi, hakuna kelele ya mota.

Mnajua wenyewe yaliyofuata. Ijumaa ile mabishano ya jioni yaliacha kichwa kilichokuwa kimetangazwa, yakaingia mu mashua. Wa Fizika walisema: tukimaliza chuo kikuu tutaziweka hapa ku Ziwa Kivu, toka Bukavu mpaka Goma. Wa Biashara walijibu kwamba ni michezo ya watu wenye feza, sisi hata taa ya kusomea inakufa saa mbili ya usiku. Wadogo wa darasa la saba walipigia pande zote mbili makofi. Na mimi, sababu kapita njo anaongoza mabishano, sikuwa na ruhusa ya kutoa maoni. Nilikaa pale na kengele mkononi saa moja na nusu, kinywa kimefungwa. Leo nakifungua.

Maoni yangu ni haya. Pande zote mbili zilitazama mahali pamoja tu, kile kiti kitupu cha kapiteni. Mimi naona kiti kitupu njo kitu cha mwisho tunachohitaji. Kuna vitu vingine viwili mu ile mashua, batri na mlango, na hivyo njo vya kuiba. (Nasema kuiba kwa akili. Wadogo wasikimbilie batri ya maabara.)

Kwanza tuijue hiyo mashua, kwa maana Ijumaa maneno mengi yalisemwa kwa kukisia. Jina lake ni milliAmpere 2. Waliyoitengeneza ni walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha NTNU, pale pale Trondheim. Jambo lilianza mwaka wa 2016, wakati wakubwa wa mji walikuwa wanafikiri kujenga daraja la watu wa miguu ju ya mfereji. Daraja lingezuia vyombo vinavyopita, na mwalimu mmoja wa chuo akauliza: kwa nini daraja, kama mashua yenye kujiongoza inaweza kufanya kazi ile? Zamani sana palikuwa na mtu pale pale akivusha watu kwa makasia, kwa hiyo wazo lenyewe si geni, ni mzee wa makasia amerudi bila mikono. Walianza na mashua ya kujaribia, kisha wakafanya hii ya pili, inayobeba watu 12. Mwaka wa 2022 wakaifungulia watu wote wa mji kwa majuma machache. Safari yake ni kama mita 100 tu. Mtu anayeogelea vizuri hapa kwetu angeivuka huku akizungumza.

Inaonaje njia? Iko na macho ya namna nyingi. Kuna lidari, inayotupa mishale ya mwanga mara maelfu mengi kwa sekunde na kupima wakati ambao mwanga unachukua kurudi. Wa Fizika mnajua hesabu yake: wakati mara mwendo wa mwanga, ugawe kwa mbili. Kuna radari, inayofanya vile kwa mawimbi ya redio na haisumbuliwi sana na ukungu. Kuna kamera za kutambua kama kile kitu cha mbele ni mtumbwi ao ni bata. Setelaiti zinaijulisha mahali iko. Ordinateri inachanganya hayo yote na kujiuliza kila mara: nikiendelea hivi, tutakutana na yule? Kama jibu ni ndiyo, inapunguza mwendo ao inapinda ao inasimama. Na mota zake zinaweza kusukuma pande zote, hata kwenda ubavu kama kaa, njo maana inakaribia gati bila kugonga.

Lakini kwenda si kitu kigumu. Kitu kigumu ni kujua mwenzako anataka kufanya nini. Kuna kanuni za dunia nzima za kuzuia vyombo kugongana, zilizoandikwa mwaka wa 1972, na ya tano inasema kila chombo lazima kiweke ulinzi mzuri wakati wote kwa kuona na kwa kusikia. Ona neno lile: kusikia. Baba mudogo wangu anaongoza mashua ya abiria hapa ziwani toka mbele sijazaliwa. Nilipomweleza ju ya lidari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wavuvi ba sambaza, itabasikia?" Mnawajua wavuvi wa sambaza, ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, na taa, na wanaimba wakipiga kasia. Anasema usiku wa ukungu anasikia wimbo mbele hajaona taa, na ku wimbo anajua kama wanakwenda ao wamesimama na wavu uko ndani ya maji. Ile haimo mu video. Mtu akitaka kuleta mashua ya namna hii Kivu, kazi yake ya kwanza itakuwa kuifundisha nyimbo za wavuvi, na hilo si neno la kuchekesha, ni kazi ya miaka.

Hata wenyewe hawajafika mahali pa kuacha mashua peke yake kabisa. Katika majaribio ya Trondheim mtu alikuwa ndani, tayari kushika. Stockholm, Uswidi, mwaka wa 2023 walianzisha bako ya umeme inayojiongoza kati ya sehemu mbili za mji, Kungsholmen na Södermalm. Na pale pia kapiteni alikuwa ndani, akitazama. Ufini, tarehe 3 Desemba 2018, feri kubwa iitwayo Falco ilikwenda toka Parainen mpaka Nauvo na wageni 80 bila mtu kushika usukani, na wakati wa kurudi iliongozwa na kapiteni aliyekaa ndani ya ofisi mu mji wa Turku, kama kilomita 50 mbali. Amsterdam iko na Roboat, kazi ya chuo cha MIT cha Marekani na chuo kimoja cha pale mjini, iliyoonyeshwa kwa ukubwa wake wote mwaka wa 2021, yenye kubeba watu watano hivi. Nayo wanataka ibebe hata takataka za mji, kwa sababu barabara zao ni nyembamba na mifereji ni mingi. Kwa hiyo aliyesema Ijumaa kwamba "Ulaya nzima haina tena makapiteni" alipige kelele bure. Simtaji, anajijua.

Sasa swali ambalo hakuna mtu aliuliza: kwa nini wanataka kumtoa kapiteni? Si kwa sababu ni mlevi. Ni hesabu. Kule mshahara ni mkubwa. Ukiwa na chombo kimoja cha watu 300, mshahara wa kapiteni unagawanyika ju ya tikiti 300 na hausikiki. Ukiwa na mashua ya watu 12, unagawanyika ju ya watu 12, na ile mashua haiwezi kuishi. Kwa hiyo njia ya kuwa na mashua ndogo nyingi zinazopita kila mara, usiku na mchana, ni kupunguza mishahara. Mtu mmoja ku ofisi atazame mashua kadhaa. Hilo njo jibu lao, na kwa shida yao ni jibu zuri.

Lakini shida yao si yetu. Niliuliza baba mudogo anipe hesabu ya safari moja. Hakutaka niandike namba, kwa sababu mwenye mashua anasoma pia, lakini alinipa mpangilio: kwanza mafuta, mafuta njo yanakula zaidi, kisha kodi na makaratasi ya bandari, kisha kutengeneza mota, kisha, nyuma kabisa, watu wanaofanya kazi ndani. Ukimtoa yeye kwenye mashua yake utapata akiba ya kununua mafuta ya safari chache, na utakuwa na baba moja nyumbani bila kazi na watoto sita. Ukitoa mafuta, umetoa mzigo mkubwa kuliko yote. Basi kwao kapiteni njo wa bei, kwetu mafuta njo ya bei. Tukiiga kutoa kapiteni tutakuwa tumekunywa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Hapa wa Biashara watasema: umeme uko wapi? Ni swali la haki. Umeme wa Bukavu unatoka ku mto Ruzizi, unaozaliwa mu ziwa hili hili, na hautoshi, kila mtu mwenye pasi anajua. Lakini sikieni jambo moja la Norwei linalonipendeza kuliko ile video yote. Mwaka wa 2015 walianza kutumia feri ya umeme inayoitwa Ampere, kati ya vijiji viwili, Lavik na Oppedal, ju ya Sognefjord. Inabeba magari 120 na watu 360, inavuka kilomita karibu 6 kwa dakika 20, na ikifika gati iko na dakika kama 10 tu za kujaza batri. Umeme wa vile vijiji ulikuwa dhaifu. Kama feri ingevuta yote kwa mara moja, taa za kijiji zingezima. Walifanyaje? Waliweka batri kubwa ku kila gati. Ile batri ya nchi kavu inajazwa polepole, wakati wote, hata feri ikiwa mbali, kama pipa chini ya bomba linalotoa kidogo kidogo. Feri ikifika inachota ku pipa. Mama zetu wote wanajua akili hiyo kwa maji. Bomba la mtaa linatoa maji saa ya usiku tu, na bado nyumba inaoga asubuhi, sababu kuna pipa. Basi umeme dhaifu si mwisho wa mazungumzo. Hata sahani za jua ju ya paa la hangari ya bandari zinaweza kujaza pipa la mashua ndogo.

Toka Bukavu mpaka Goma, hapana, sitaki kudanganya mtu: ni mbali mno kwa mashua ya batri ya watu maskini. Lakini Bukavu yenyewe imekaa ndani ya maji kama vidole. Mtu akitoka ku ncha ya kidole kimoja kwenda ku kingine kwa barabara anapanda, anashuka, anasimama mu msongamano, anafika amechoka. Kwa maji ni karibu sana. Kinshasa ni vile vile, na zaidi: mji wa mamilioni ya watu umelala ubavuni mwa mto mkubwa, na watu wanakaa masaa barabarani wakiutazama. Hapo njo mahali pa mashua ndogo ya umeme. Na nisisahau: nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, ile inayowekwa mu batri nyingi. Inatoka Kolwezi, inazunguka dunia, na mimi naiona mu video. Wa Jiografia waandike ju ya hilo, mimi kurasa zangu zinaisha.

Sasa mlango.

Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua ya abiria iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, karibu na ukingo, watu wakiona kwa macho yao. Ilikuwa imejaa kupita kipimo. Katika shule yetu wako waliolia siku ile, na wako ambao bado wanalia. Wote tulisema: makapiteni wabaya. Mimi pia nilisema vile, mezani, mbele ya baba mudogo. Hakukasirika. Alisema hivi, na naandika vile alivyosema: "Mutoto wangu, weye unazania sijui kuhesabu? Namba ya mashua yangu iko mu kichwa kama jina la mama. Lakini nikisema imejaa, mwenye mashua ananipigia simu: weye ni kapiteni ao ni pasteri? Mama wa mboga analia, mboga zitaoza. Muaskari anasema ndugu yake lazima apande. Kila mutu iko na sababu muzuri. Na miye niko peke yangu ku mulango." Kisha akaongeza neno ambalo njo limenifanya niandike: "Ile mashine yenu, kama ingeweza kukataa pahali pangu, ningeipenda. Ningewaambia: muione wenyewe, siye miye."

Siye miye. Nilifikiri ju ya maneno yale siku nyingi, kwa sababu na mimi nimewahi kusimama ku mlango.

Wengi mnakumbuka safari ya kwaya ya mwaka uliopita. Tulikodi mashua ya mtu binafsi, nafasi 40, na mimi nilipewa daftari na kazi ya kuhesabu. Nilihesabu vizuri mpaka 40. Kisha wakafika sita, waliochelewa, wote wa darasa langu, watatu wao ni wa sauti ya besi. "Kapita, si weye uko wetu? Bila besi kwaya itaimba nini?" Nilitazama maji, yalikuwa tulivu kama mafuta. Nilitazama kapiteni wa ile mashua, naye alinitazama mimi. Kila mmoja wetu alingoja mwenzake akatae. Nikasema pandeni. Daftarini niliandika 40.

Mnakumbuka upepo ulivyotokea. Mliokuwa mbele mnakumbuka maji yalivyoingia, tukayachota kwa mabeseni ya jikoni, na gunia mbili za viazi tulizotupa ziwani, na msichana mdogo wa darasa la nane aliyenishika mkono akiniuliza kama tutafika. Nilimwambia ndiyo. Sikujua. Tulifika, tukaimba, tukapigiwa makofi, na ule wimbo wa pili besi ilikuwa nzuri sana kweli. Lakini daftari la safari, linalokaa mu kabati ya ofisi, linasema 40 mpaka leo, na tulikuwa 46. Kama tungezama, wangetafuta watu 40 na kuacha sita ndani ya maji bila mtu kujua kwamba walikuwemo. Hilo njo linaniamsha usiku, zaidi ya upepo.

Mbele ya kuandika hapa nilikwenda kwa Bwana Prefe nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu. Adhabu amenipa na mnaniona nikiifanya kila asubuhi ku tanki ya jikoni. Walioniuliza kwa nini kapita anachota maji sasa wamejua. Kuhusu gazeti alisema: andika, lakini andika pia dawa.

Basi dawa. Mashua inayojiongoza inaweza kufundishwa jambo moja ambalo mimi sikuliweza: ikihesabu namba yake, isiondoke. Haina darasa moja na mtu. Haipigiwi simu. Hiyo njo akili ninayoitamani mu ile mashine. Lakini tazameni Uhindi. Mji wa Kochi, jimbo la Kerala, ulio na visiwa vingi, ulifungua Aprili 2023 safari za mashua za umeme kwa watu wa mji. Zile kubwa zinabeba watu 100. Zinaongozwa na watu, makapiteni wa kweli wenye nguo za kazi. Lakini abiria anapita ku kizuizi cha tikiti, na kizuizi kinahesabu. Na mu jimbo lile lile, tarehe 7 Mei 2023, hata majuma mawili hayajaisha, mashua ya watalii iliyojaa kupita kipimo ilipinduka ku Tanur na watu 22 wakafa. Jimbo moja, mwezi karibu mmoja, watu wa lugha moja. Tofauti haikuwa kiti cha kapiteni. Tofauti ilikuwa ku mlango.

Na kuna mashine nyingine ya zamani zaidi, isiyo na umeme wala ordinateri. Mu Uingereza meli zilikuwa zinazama kwa kujazwa sana, na mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka mingi mpaka sheria ya mwaka wa 1876 ikalazimisha kila meli kupigwa alama ku ubavu. Maji yakifika ku alama, basi. Hiyo ni rangi tu! Inafaa kwetu zaidi, sababu kwetu hatupakii watu tu. Gunia moja la kilo 100 ni mtu mzima na mtoto wake, na kizuizi cha kuhesabu vichwa hakilioni. Mstari mwekundu unaliona.

Rafiki yangu mmoja alisoma hii mbele ya kwenda ku stensili na akanipinga kwa nguvu. Alisema: Trondheim ukikataliwa unangoja dakika chache, mashua inarudi. Hapa ukikataliwa unalala ku bandari na mtoto mgongoni, na mashua ni kesho. Kukataa kwako ni kwa watu wenye nafasi. Kusema kweli, sikuwa na jibu siku ile. Leo naona kwamba yeye njo amesema sababu nzuri kuliko zangu zote ya kutaka mashua ndogo za umeme: mlango unaokataa hauwezi kudumu kama hakuna mashua ingine inayokuja. Vitu hivi viwili, batri na mlango, vinakwenda pamoja. Mpaka mafuta yatoke ku hesabu, safari zitakuwa chache. Na zikiwa chache, kila kapiteni ataendelea kusimama peke yake mbele ya mama wa mboga.

Aliniuliza pia: na mama mwenye mimba, saa ya usiku, mashine itamkataa? Hapo nilikuwa na jibu, sababu tayari nilikuwa nimekubaliana na Bwana Prefe ju ya dawa yetu ya hapa shuleni. Tunakata vibao vya mbao, 40, vyenye namba toka 1 mpaka 40. Siku ya safari vinawekwa mu sanduku ku gati. Kila mtu anayepanda anachukua kimoja na kukivaa shingoni. Sanduku likiwa tupu, mashua imejaa. Hakuna wa kuombwa, hata kapita. Kama mgonjwa anafika mwisho, mwenye kibao anaweza kumpa chake na kushuka. Hilo mashine ya Trondheim haiwezi kulifanya. Tukifika ng'ambo vibao vinarudi mu sanduku, na kikikosa kimoja, tunatafuta mtu. Mizigo inapimwa pembeni, na mwenye mashua tutakayekodi atakubali tumpigie mstari wa rangi ao tutatafuta mwingine. Kuhesabu kutafanywa na mwanafunzi wa darasa la saba, kwa sauti kubwa, na daftari litatiwa sahihi na kapiteni mwenyewe.

Safari ya kwaya ni mwisho wa muhula. Mpaka jana jioni vibao vilikuwa 23. Mwalimu wa useremala anaomba mabaki ya mbao laini, na msumari wa moto kwa ajili ya namba. Wanaoweza kuandika namba vizuri waje Jumatano baada ya michezo. Wale sita wa mwaka uliopita, nimewawekea msasa tayari.

Kapita wa wanafunzi, darasa la ine la humanite, Fizika